Mjusi Aliyeitwa Ndalahwa

Mzee Ndalahwa wa Butimba alikuwa akiwaonea wivu watu waliokufa zamani. Kwa miaka ishirini na saba alitembeza wageni kwenye bustani ya wanyama, akiwaonyesha swala tomi aliyebeba jina la Thomson na swala granti aliyebeba la Grant. "Wazungu wale walipita tu," alilalamika kila akirudi nyumbani, "na majina yao yanakula majani mpaka leo." Yeye alikuwa na mabinti watatu na wajukuu saba, na wote saba walipewa majina ya upande wa baba zao. Jina lake lingezikwa naye, na jambo hilo lilimnyima hata raha ya chakula.

Alipostaafu, akamkamata mjusi mwenye shingo ya zambarau kwenye mawe ya Ilemela. Daktari Prudencia, mtafiti wa chuo kikuu, alimpiga picha, akahesabu magamba, akasema mjusi wa aina hiyo hajaandikwa popote. Akaahidi kwamba angeitwa Ndalahwa, kwa jina la aliyemkamata. Chanda chema huvikwa pete, mzee alijiambia, hata kama pete yenyewe ina mkia.

Akamweka kwenye kasha, akamngoja daktari arudi na vifaa vyake. Kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa na mjukuu wa nane. Mkewe, Modesta, alimwita mjusi "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu mwenye jina la mumewe, na alimtafutia panzi kabla hajampakulia mume mkubwa ugali. Jirani yao Gladness alileta khanga na sabuni ya mtoto. Binti yao Odeta alipogonga kasha kwa kidole, mama yake alimkemea: "Unampiga baba yako?"

Daktari akarudi na chupa ya spiriti.

"Ya nini hiyo, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Ya mjusi, mzee. Wa kwanza kupewa jina lazima afe, ahifadhiwe humu, ili wengine walinganishwe naye. Bila mwili hakuna jina."

Modesta alijifunga khanga kiunoni, akasimama mbele ya kasha. "Mume wangu haingii humo."

Mzee aliitazama chupa. Alilitaka lile jina kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka duniani, na machozi yalimtoka bila kuona haya. Kisha akafungua kasha. Mjusi akapotelea kwenye mawe ya nyuma ya nyumba bila kuaga.

Baada ya miezi mitano daktari alipiga simu. Alikuwa amempata mwingine kwenye mlima wa mbali. Huyo alikuwa chupani tayari, na alipewa jina la profesa wake.

Ndalahwa alinuna siku tatu. Siku ya nne alivaa koti la kanisani, akampigia daktari.

"Mwambie profesa tumepata habari za msiba," alisema. "Sisi wa kwetu ni mzima. Tunampa pole sana kwa wa kwake. Mazishi ni lini?"