Nishani ya Babu Yaenda Maskati

Niliondoka Mombasa likizo ya Disemba, mwaka 1970, kwa sababu ya kipande cha fedha kisichozidi kiganja changu. Babu, mzaa mama, alikuwa ameandika barua kutoka Maskati kwamba anaitaka nishani yake, ile aliyovishwa na Waingereza alipokuwa mkubwa serikalini Unguja. Tulipokimbia mwaka 1964 mama aliishonea ndani ya mto wa kulalia, na ndicho kitu pekee cha nyumba yetu kilichovuka nasi hadi Mombasa. Kaka zangu wana kazi zao. Mimi nilikuwa na likizo, na ripoti ya shule isiyofaa kuonyeshwa watu. Nikachaguliwa.

Mama alinipa agizo moja, akalirudia mara mbili. "Mwambie babu yako aitazame mpaka aridhike, kisha irudi kwangu. Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Siku ya tatu melini, baada ya kumaliza kutapika, niliitoa nishani nikaisoma. Katikati kuna malaika mwenye mbawa anamkanyaga Iblisi, na pembeni maneno ya Kilatini: Auspicium melioris aevi. Niliyajua. Mwalimu wetu wa Kilatini, Mgoa mwenye subira fupi, aliwahi kuniandikisha mara hamsini maneno ya nishani za Kiingereza kwa kosa la kucheka darasani. Lakini nani asingecheka? Ipo nishani ya Josho, kwa kuwa zamani mtu alikoga kwanza ndipo akapewa cheo, na maneno yake ni Tria juncta in uno, vitatu vilivyounganishwa kuwa kimoja. Nikauliza kama ni maji, sabuni na taulo. Ipo ya Mbigili, ya Waskochi: Nemo me impune lacessit, hakuna anichokozaye akasalimika. Hiyo ningempa shangazi yangu. Ya babu ni ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji, na maneno yake maana yake ni dalili ya zama zilizo bora.

Siku ya tisa, asubuhi, tulifika Matrah, bandari ya Maskati. Meli ilitia nanga mbali, tukashushwa kwa mashua. Pwani alinipokea binamu yangu Hilal, rika langu, aliyezaliwa Unguja kama mimi.

"Ndiye wewe mjukuu wa Mombasa? Mbona mwembamba hivi? Khalati, mama yako, hakupi chakula?"

"Ananipa. Wewe mnene hivyo unakula na cha nani?"

Tukawa marafiki hapo hapo. Gari ya jirani yao ilitupeleka Sidab, kwa babu, milima imetusonga kushoto na kulia, haina hata jani moja.

Sidab, kabla ya adhuhuri. Babu alikuwa amekaa mkekani na wageni watatu, wazee wa Kimanga wa mji ule wanaojua Kiswahili. Nikabusu mikono, nikapewa kahawa. Sikujua kuwa kikombe hutikiswa ukitosheka, nikamiminiwa saba.

Kisha wakanigeukia wote. Babu akauliza, "Khabari?"

Hilal alininong'oneza kuwa ndiyo ada yao: mgeni akifika huulizwa khabari mbele ya watu, naye hujibu kwanza kuwa hakuna ila kheri, kisha hutoa khabari alizotumwa nazo. Nikajibu kheri. Nikatoa nishani, nikamkabidhi babu. Ikazunguka mkono kwa mkono.

"Na haya yaliyoandikwa?" mzee mmoja akauliza. "Miaka yote mwenzetu anatuambia hajui."

"Huyu kasoma," babu akasema, kidevu juu. "Sema, mjukuu wangu."

Kahawa saba zilikuwa zimenipanda kichwani. Nikasema, "Yamesema: mpe hii anyamaze."

Nikangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Babu aliichukua nishani, akaifunika kwa kitambaa. Wageni wakaaga mmoja mmoja.

"Umefanya nini?" Hilal akaniuliza uani. "Kwenye khabari hapafanywi mzaha! Neno likitoka pale ni kweli."

"Nitamwambia nilikuwa nacheza."

"Hataamini. Kesho anaipeleka kwa sonara iyeyushwe, dada yangu afanyiwe bangili. Nimemsikia."

Kesho yake tulikwenda Matrah, babu mbele, mimi nyuma. Katika duka la sonara moto ulikuwa tayari. Sonara aliipima nishani kwa macho, akaing'oa pete ya kuning'inizia kwa koleo. Pete ile ndogo ilianguka mezani.

"Babu, nilisema uongo."

"Lini?"

"Jana. Maana yake ni dalili ya zama zilizo bora. Wallahi."

Sonara aliinua kichwa. Babu alinitazama kama anayesoma hati mbaya.

"Zama zilizo bora," akasema. "Walinivisha hii, nkanyamaza. Nyumba zetu zilipovunjwa milango, wao walinyamaza. Jana uliponambia, mie sikushangaa. Uongo wako naujua. Hii kweli yako, nnakuuliza, ndo ipi?" Akamgeukia sonara. "Tia motoni."

Koleo ikaishika.

"Mama kasema irudi!"

"Nani?"

"Mama. Uitazame mpaka uridhike, kisha irudi kwake. Kasema nikwambie yeye ndiye aliyesema."

Babu akaweka mkono juu ya koleo, hakujali joto. "Kakwambia hayo lini?"

"Kabla sijaondoka. Mara mbili."

"Na mie nlipokuuliza khabari mbele ya watu, ukanipa Kilatini!" Akaichukua nishani, akaifuta kwa ncha ya kilemba. "Ungeanza na hilo, mwana wee. Ungeanza na hilo."

Sonara aliirudisha pete mahali pake. Imekaa upande.

Nilikaa Sidab wiki mbili zaidi, nikirudi kila siku kutoa khabari mkekani bila kucheza. Somo nililopata, nawaandikia nyinyi mtakaotumwa, ni hili: ukitumwa, toa kwanza ulichotumwa nacho. Ujuzi wako utangoja.

Mombasa, Januari. Nilikuwa nimejipanga nimweleze mama Kilatini chote, Josho, Mbigili na malaika. Alipokea nishani, hakuigeuza.

"Babu yako kakonda?" akauliza.

Nikasema, "Kakonda."