Njiwa wa Baba Ndani ya Amerikani

Niliporudi kutoka ng'ambo na stashahada yangu ya utunzaji wa maghala, hapakuwa na mtu Kariakoo aliyenishinda kufunga mzigo. Nasema bila haya. Elimu ile niliipata huku nikiosha masufuria ya watu miaka mitatu. Kwa hiyo baba, aliyekuwa amehamia kijijini karibu na Kilosa, aliponiagiza nimpelekee njiwa wake wawili, dume na jike, niliona ni kazi ndogo. Ruhusa kazini sikuwa nayo. Nikaamua wasafiri kama kifurushi, kwa gari moshi.

Nilitoboa sanduku matundu kumi na mawili. Kisha nikalivika kitambaa cha amerikani na kulishona pande zote, kama tulivyovifanyia vifurushi vya safari ndefu. Stesheni, karani wa vifurushi akauliza ndani kuna nini. Wanyama walitakiwa kibali cha bwana mifugo, nami sikuwa na muda wa foleni.

"Vyombo vya nyumbani," nikasema.

Akayeyusha nta ya lakiri, akapiga mhuri juu ya mshono.

Nilipofika Msimbazi nilijifuta jasho kwa kipande cha amerikani kilichobaki mfukoni. Kilipofunika pua, pumzi ikawa nzito. Hapo ndipo nilipoelewa. Matundu yote kumi na mawili nilikuwa nimeyaziba mwenyewe, kwa mshono mzuri.

Nilirudi mbio.

"Ndugu msomi, umesahau nini tena?" karani akauliza.

"Nifungulie kile kifurushi."

"Lakiri ikishapigwa sifungui. Kwani vyombo vitaoza?"

Mpagazi aliyekuwa amekalia gunia akadakia, "Labda sahani zimeshikwa na homa!"

Wakacheka. Nikijisemea naweza kushtakiwa, nikainama dirishani. "Ni njiwa. Wa baba yangu."

Kicheko kikakatika. Karani akatega sikio kwenye sanduku, muda mrefu, kisha akanipa kisu bila kunitazama. Mshono wangu ulikuwa maradufu; kisu kiliteleza.

Dume alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa. Jike alihema mdomo wazi. Karani akamdondoshea maji kwa kidole.

"Huyu mpeleke mwenyewe," akasema. "Na huyo mwingine pia. Mzee atataka kumwona."

Nilikata tiketi bila kuaga kazini. Njia nzima kikapu nilichowahamishia wote wawili kilikuwa mapajani, kidole changu kifuani mwa jike, na kila moyo wake uliponipotea kidoleni, wangu nao ulisimama.