Nilikata kamba ya ngamia kueleza umri wa jeni, bibi akanishika pabaya

Wakuu, siku hiyo tulikuwa wanne uani kwetu Buna: mimi, dada yangu Hodan, Adeer Issack ambaye ni mdogo wa marehemu baba, na Ayeyo Halima, bibi aliyewazaa wote wawili. Sisi wanne tuko hai. Anayenishuku aje awaulize.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba nikachunga mbuzi ili Hodan asome. Sasa yuko chuo kikuu, anatafuta umri wa badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila tumbo kulalamika.

Alihitaji mate ya ukoo wetu. Adeer akikataa, wote wanakataa, na digrii imekwama.

Adeer akakataa.

"Mate ya nini? Nahesabu mababu ishirini na wawili bila kupumua. Umri ndio huo!"

Hodan akaomba kamba mbili. Nikaleta nyeupe na nyeusi. Akafunga uzi mwekundu kwenye nyeupe.

"Uzi ndio badiliko lenyewe. Kila kizazi, kamba ya baba na ya mama hukatwa na kuungwa upya. Walaal, ndugu yangu, kata!"

Nikakata nyeupe, nikaunga kipande cha nyeusi. Kila kizazi nyeupe iliyobaki kando ya uzi ilizidi kuwa fupi. Ikiwa ndefu, badiliko ni la juzi. Ikiwa fupi, ni la kale. Ila kisu huangukia popote, ndiyo maana anahitaji hesabu na watu wengi.

Mwenzenu nikanogewa. Kizazi cha saba Adeer akaruka.

"Wewe! Hiyo si kamba yangu ya kufungia mizigo ya ngamia?"

Nikajua nimeichinja digrii ya dada yangu.

Ayeyo akauliza, "Hii nyeusi ya nani?"

"Ya akina mama, Ayeyo," Hodan akajibu.

Bibi akacheka mpaka shuka ikamdondoka. "Issack! Kumbe wanaume wako ishirini na wawili walizaana wenyewe? Lete kichupa cha mate!"

Akatema wa kwanza. Mama yake ametema, Adeer angefanyaje? Akatema, macho yake yakiwa kwangu.

Kisha Ayeyo akanigeukia. "Na wewe mkata kamba, nitajie wake waliozaa na hao ishirini na wawili."

Nikataja wawili, mmoja akiwa yeye mwenyewe.

"Usinihesabie mababu tena mpaka uniletee waliobaki."

Nimejifunza kwamba ukoo niliojivunia niliujua nusu tu. Wenye kujua mabibi zao wa kale, semeni mliwapataje. Nimeuliza mpaka Banissa, na bado nadaiwa majina ishirini.