Kamba ya Mkonge Jukwaani: Safari ya Runyenjes, Githongo na Muthara

Niliondoka Nairobi Alhamisi asubuhi kwa sababu Wawira alinipigia simu akaniomba niende tucheze. Wawira alikuwa mwanafunzi wangu. Haoni tangu akiwa darasa la sita, na katika miaka mitatu aliyojifunza densi kwangu sikuwahi kumsikia akiomba kitu mara mbili. Safari hii aliomba mara mbili. Kwao Runyenjes kuna kituo cha watoto kinachofunguliwa kila Jumamosi, wanaoona na wasioona, wanaotembea na wanaosukumwa kwa viti vya magurudumu, na kamati yake ilikuwa ikitafuta mwalimu wa densi. Wawira aliitaka kazi hiyo. Mwenyekiti alikuwa amesema atamwona kwanza akicheza kwenye sherehe ya makanisa huko Githongo, ndipo aamue.

Mimi nimecheza kwa miaka ishirini. Goti langu la kulia limeshaomba kustaafu, nami bado sijalijibu. Siku hizi natunga densi na kufundisha zaidi kuliko ninavyocheza, na wengi wa wanafunzi wangu ni watu wenye ulemavu. Mimi hualikwa kwenye mikutano kueleza jinsi ya kuwafundisha bila kuwahurumia. Naeleza vizuri sana.

Saa tano asubuhi nikafika Runyenjes. Ilikuwa siku ya soko, na boda boda zilikuwa zikiingia na mikungu ya ndizi na magunia ya avokado. Wawira alinisubiri mlangoni mwa ukumbi wa kanisa lao, fimbo nyeupe kwapani, viatu ameshavivua.

"Mwalimu, hiyo goti imezidi," alisema kabla sijamsalimu. "Nimekusikia ukivuta mguu kutoka huko kwa geti."

"Hata mimi nimefurahi kukuona," nikamjibu.

Siku mbili tulifanya mazoezi. Densi yetu ni ya watu wawili. Tunaanza migongo ikiwa imegusana, kisha namwachia, naye anakimbia hatua nne kuelekea ukingo wa jukwaa, uso kwa watu, na kusimama ghafla. Mimi humbandikia kamba ya mkonge sakafuni kwa utepe, hatua moja kabla ya ukingo. Nyayo zake zikiikanyaga, anajua amefika. Densi nzima imo katika zile hatua nne. Yanayotangulia ni maandalizi tu.

Jumamosi kukipambazuka tulipanda Probox ya jirani yake, Murithi, tukashika barabara ya Meru. Barabara hiyo inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena. Wawira alitutajia mito kwa jinsi tumbo lake lilivyoshuka. "Hii ni Thuci," alisema. "Hii nayo bado, ngojeni." Tulipofika daraja la Nithi, ambapo wengi wamekufa kwa ajali, tukanyamaza sote, kama watu wanyamazavyo pale, na tulipokwisha kuvuka Murithi akawasha redio.

Saa nne tuliacha barabara kuu na kupanda hadi Githongo. Kahawa ilikuwa imeiva, imefika mpaka kwenye ua wa kanisa. Mwenyeji wetu, Mama Karimi, alitukaribisha kwa mukimo na chai, akaniuliza mimi, "Na huyu atakula nini?"

"Atakula hiyo hiyo, mama, na isiwe kidogo," Wawira akajibu.

Mama Karimi aliona haya, akamwongezea. Mimi nilimcheka moyoni. Nilijiona mtu aliyeyapita mambo hayo zamani.

Saa sita nilibandika kamba. Jukwaa lilikuwa la mbao, lenye kimo cha kunifikia kifuani. Wawira alilipima kwa miguu mitupu, akaenda na kurudi mara tatu, akasema yuko sawa. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wakachungulia madirishani. Mzee Njiru, mwenyekiti wa kamati, alikaa mstari wa mbele akiwa ameweka kofia yake magotini.

Tulicheza vizuri. Migongo ikaachana, nikamwachia, akakimbia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoinua mguu kwa hatua ya nne ukumbi ulipiga kelele, "Uuui!" Nilikimbia nikamkamata mkono, nikamvuta nyuma kwa nguvu hata tukapepesuka wote wawili.

Watu walisimama wakapiga makofi, na makofi yenyewe yalikuwa yangu. Mchungaji alipanda jukwaani akanishika bega. "Tumshukuru Mungu kwa huyu mwalimu," alisema. "Angekuwa mwingine, leo tungekuwa na msiba." Nilivishwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, nami nikainamisha kichwa kikae vizuri.

Wakati wa chai Mzee Njiru alinijia. "Mwalimu, umefanya kazi. Lakini umeona mwenyewe. Kama yeye anashikwa, sasa hii watoto ataangalia aje?"

Wawira alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema. Nilikunywa chai yangu.

Garini, tukielekea Meru mjini tulikokuwa tulale, Wawira alinigeukia tulipofika lami.

"Mwalimu, kamba nilikuwa nimeshaikanyaga."

"Watu walipiga kelele," nikasema.

"Watu hawakuweka hiyo kamba. Wewe ndio uliiweka." Baadaye kidogo akaongeza, "Na hata kama ungenishika kwa kuogopa, si ungemwambia Chairman? Ulimwacha tu aende na hiyo stori."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa na onyesho la pili katika shule moja huko Muthara. Wawira alitoa sharti moja: acheze peke yake, nami nikae chini na watu. Tulibadilisha mwanzo, akaegemea ukuta mahali pa mgongo wangu. Nilibandika kamba, nikaenda kukaa mstari wa tatu.

Akakimbia. Hatua ya nne ilipofika ukumbi ukapiga kelele ile ile, na mama aliyekaa karibu nami akanishika mkono. "Ataanguka!" alisema. "Haanguki," nikamwambia, ingawa mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Wawira alisimama. Vidole vya miguu vilikuwa juu ya kamba, kifua kikipanda na kushuka, na akabaki hapo muda mrefu kuliko tulivyokuwa tumepanga. Makofi yalipokuja yalikuwa yake. Nilifurahi, na niliona aibu. Nilikuwa nimeitunga densi ile mwenyewe, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoiona ikifika mwisho wake mbele ya watu.

Jumatatu tulirudi kwa barabara ile ile. Tulipofika Runyenjes nilimwacha Wawira kwao, nikaenda peke yangu kwa Mzee Njiru. Nilimkuta nyumbani na mkewe wakichambua kahawa, mbichi huku, zilizoiva huku. Nilimweleza yote: kamba, hatua nne, kelele, na chai niliyoinywa.

"Kumbe hakuwa anaanguka," alisema.

"Hakuwa."

"Na wewe unafundisha hawa watu siku zote?"

"Siku zote."

Mkewe alicheka, akajiziba mdomo kwa leso. Mzee Njiru aliendelea kuchambua. "Sawa. Tumpe hiyo kazi, lakini wewe ukuwe unakuja kumwangalia."

"Sitakuja, mzee. Nikija nitamshika tena."

Alinitazama, akatupa kahawa mbichi kwenye fungu lake. "Basi Jumamosi saa tatu. Mwambie asichelewe."

Nilirudi kwa Wawira mbio, goti likilalamika. Aliposikia alipiga kigelegele mpaka mama yake akatoka jikoni. Kisha akanigeukia.

"Ulimwambia wewe ndio ulikosea?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mkewe."

"Na huko Githongo walikuwa watu wangapi?"

Niliagana nao, nikafika Nairobi jioni ile. Kesho yake mchungaji wa Githongo alinipigia akisema washirika bado wananitaja, na kwamba wangependa nirudi siku moja niwafundishe upendo. Nilimwambia kwanza nitawaandikia, awasomee kanisani kama nilivyoandika. Basi, watu wa Githongo mlionipigia makofi: Wawira alikuwa amesimama sawasawa. Aliyekosa hatua ni mimi.