Taa Iliyozimika

Juzi, nikiwa nimeketi kwenye gereji moja ya uchochoroni Mchafukoge, nilimwona mzee mmoja akirudisha gari lake la mtumba lililotoka Japani.

"Fundi, umeniharibia taa. Ile ya njano kwenye dashibodi ilikuwa inawaka tangu nilitoe bandarini. Leo imezimika."

"Shikamoo, mzee." Fundi akafuta mikono, akamwonyesha sensa ya oksijeni aliyoing'oa asubuhi kwenye bomba la moshi, nyeusi kwa masizi. "Hii ndiyo ilikuwa mbovu, gari likawa linakunywa mafuta. Nimefunga nyingine. Ile taa ilikuwa inakulalamikia."

Mzee akapapasa kioo cha dashibodi polepole, kama shavu la mtoto. "Mimi miaka yote nilijua inaniambia mambo ni shwari."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mawazo yakielea. Mke wangu huguna kila jioni nikiingia, nami miaka yote nilijua ananikaribisha.