Perpetua na Mnyauko wa Fon Zaboka

Perpetua Alcindor hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimwalika shambani kwako saa kumi na mbili asubuhi, kumi na moja na nusu keshafika, kasimama mpakani na panga begani, anapiga kelele za kuamsha bonde zima: "Mwenye shamba yumo kitandani bado, au tuje na jeneza?" Na ukitoka mbio huku unafunga mkanda wa suruali, utaambiwa yako mbele ya watu, uvumilie tu.

Kwetu Fon Zaboka, hakuna mkulima wa ndizi aliyewahi kufanya kazi peke yake. Tuna koudmen. Jumamosi hii sote tunaingia kwa Hyacinth, Jumamosi ijayo kwa Ma Titin, kisha kwa mwingine, kila mtu na panga lake, na mwenye shamba kazi yake ni kupika chungu kikubwa cha ndizi mbichi na samaki wa chumvi na kuangalia ramu isikauke. Halipwi mtu. Hakatai mtu. Aliyekataa alikuwa mmoja tu kisiwa kizima cha Saint Lucia, nijuavyo mimi, na huyo nitamfikia.

Katika koudmen Perpetua ndiye aliyetangulia. Si kwa kuchaguliwa, nani angemchagua na mdomo ule! Alitangulia kwa sababu hakuna aliyejua kupunguza machipukizi kama yeye. Mgomba ukiuacha unajizalia watoto kumi, na wote wakibaki hakuna atakayekupa mkungu wa maana. Lazima mtu aje aamue nani aishi. Wengine tunazunguka shina, tunainama, tunajikuna. Perpetua anatupa jicho mara moja. "Huyu abaki. Huyu aende. Huyu mvivu kama baba yake, aende." Chwa, chwa, chwa, keshahamia shina la pili. Kwa siku anamaliza mistari ambayo wanaume watatu wanaitolea jasho.

Maisha yalimfunza. Alimzika mumewe yeye mwenyewe akiwa na miaka thelathini na minne na watoto wanne mkononi. Kimbunga kikaja mwaka uliofuata kikalaza kila mgomba wake, hata mmoja hakikuuacha. Alilia siku moja, siku ya pili akavaa buti. Alipanda upya mashina mia tisa, na watoto wote wanne wakasoma kwa ndizi zile. Shamba lile ekari tatu lilikuwa mume, lilikuwa pensheni, lilikuwa kila kitu. Nayasema haya mapema ili msije mkamwona shetani, maana kuna watu hapa bondeni mpaka leo wanamwona hivyo.

Basi, mwaka huo, mwezi wa Januari, Perpetua akapanda boti kwenda kisiwa cha jirani kumwoza mpwa wake. Akakaa wiki mbili. Akarudi na keki ya harusi kwenye kopo, akatugawia vipande, na Jumamosi iliyofuata alikuwa mbele kwenye shamba la Ma Titin kama kawaida.

Mwezi wa Machi migomba ya Ma Titin ikaanza kufanya vituko. Jani changa linakunjika shingo, linageuka manjano, linaning'inia. Tukasema jua. Kisha kwa Hyacinth. Tukasema minyoo. Ma Titin akakata mkungu ulioonekana mzima, akapasua ndizi moja, ndani nyeusi kama jino bovu. Mama wa watu akaketi pale pale kwenye matope, ndizi mkononi.

Ikafika kwa Perpetua mwisho wa Aprili. Aliukuta mgomba wa kwanza asubuhi, akaung'oa kimyakimya asimwambie mtu. Baada ya siku nne ilikuwa kumi na saba. Huyu mwanamke ambaye kimbunga hakikumweza alikuwa akipita mistarini anashika majani moja moja kama mtu anayepima homa.

Sasa ndipo tumfikie Anselm Didier. Anselm alikwenda Kanada akakaa huko miaka kumi na minane akichuma matufaha na nyanya za watu, akarudi na mgongo mbovu na ukimya. Shamba lake liko ng'ambo ya korongo. Ukimwalika kwenye koudmen anasema, "Samahani, sitaweza." Ukimwambia basi tuje kwako, anasema, "Asanteni, msijisumbue." Kwa jinsi tulivyolelewa sisi, hilo ni tusi. Tena getini kwake aliweka ndoo ya maji meupe yenye harufu inayopanda kichwani, na kila anapoingia anachovya panga, anachovya na buti. Hyacinth alicheka mpaka akashika ukuta. "Anabatiza viatu jamani! Padri Anselm!"

Lakini kicheko kilikwisha tulipotazama ng'ambo. Shamba la Anselm lilikuwa kijani tupu. Mikungu imejaa ndani ya mifuko yake ya bluu, majani yanameremeta, utadhani mvua ilikuwa ikinyesha kwake peke yake.

"Mnangoja mwambiwe na nani?" Perpetua alisema dukani kwa Hyacinth, mkono kiunoni. "Yetu sote inakufa. Yake inanenepa. Na hiyo ndoo yake ya uchawi iko mlangoni, hata hafichi!"

"Dada Perpetua, taratibu," Ma Titin akasema. "Hujamwona akifanya kitu."

"Uchawi unaonekana? Wewe ulishauona ukipita njiani na kofia?"

Watu wakacheka, lakini waliondoka na neno lile moyoni. Kuanzia siku hiyo Anselm akisalimia, hapati jibu.

Alhamisi moja Perpetua alikuwa shambani kwake tangu alfajiri, akikata migomba iliyooza, na kila anaoukata anaona wa jirani yake nao umeanza. Ilipofika saa nne alikuta ugonjwa umeingia mistari ya chini, ile aliyoipanda ya kwanza kabisa baada ya kimbunga. Akashika njia kurudi nyumbani, na njia inavuka korongo na kupita getini kwa Anselm, naye Anselm siku hiyo alikuwa mjini. Perpetua akaipiga ile ndoo teke ikabingirika hadi korongoni. Akaingia na panga lile lile mkononi.

Alichanja mgomba, akatoka. Hivyo ndivyo alivyokumbuka mwenyewe. Mgomba mmoja, wa kumtia adabu. Alifika nyumbani akiwa ameloa jasho, akanywa maji vikombe vitatu, akalala mchana kutwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Kesho yake Ijumaa akaja afisa kilimo, msichana mmoja jina lake Bi Mathurin, mwembamba, sauti ndogo, lakini akiongea unanyamaza. Alitukusanya kwenye banda la kufungashia ndizi, Anselm naye akaja akasimama nyuma peke yake. Bi Mathurin alikuwa na kipande cha shina kutoka shamba la Ma Titin, na glasi ya maji safi. Akakining'iniza kile kipande, ncha ikagusa maji.

"Tazameni," akasema.

Tukatazama. Kutoka kwenye shina nyuzi nyeupe zikaanza kushuka majini, nyembamba, polepole, kama maziwa yanayovuja. Ma Titin akajishika kifua. "Yesu na Maria! Ni nini hicho?"

"Ndio ugonjwa wenyewe. Ni vijidudu, mamilioni. Hamkulogwa. Hakuna aliyewawekea sumu."

"Sasa vinatembeaje?" Hyacinth akauliza. "Vina miguu?"

"Vinabebwa. Na panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima bila kuosha panga kwa dawa, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako." Akachukua kalamu na kipande cha katoni. "Hebu niambieni. Tangu Januari, koudmen ilianza kwa nani?"

Kwa Ma Titin. Kisha? Kwa Hyacinth. Kisha kwa ndugu wanaolima kule mlimani. Mwisho kwa Perpetua. Akaandika. Kisha akauliza ugonjwa ulianza kwa nani, ukafuata kwa nani, akaandika pembeni. Akainua katoni tuione. Orodha mbili, majina yale yale, mpangilio ule ule.

Aisee! Miaka yote tuliyosaidiana, ramu na vicheko vyote vile, kumbe tulikuwa tukizungushiana kifo kwa zamu.

"Nani huwa anatangulia?" Bi Mathurin akauliza.

Macho hayana adabu, yote yakamwendea Perpetua.

"Mama, kabla ya kwenda kwa Ma Titin, uliwahi kukata migomba nje ya bonde hili?"

Perpetua akafungua mdomo aseme hapana. Kisha akaiona ile asubuhi ya siku ya pili ya harusi, shemeji yake anamwonyesha migomba ya kupikia nyuma ya nyumba, majani ya manjano, anasema ni jua tu, nisaidie kusafisha. Na yeye, ambaye haendi popote bila panga la marehemu baba yake, akalifungua kutoka kwenye gunia akamsafishia.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ambayo hatukuijua. "Mama yangu mzazi. Ni mimi."

Ma Titin akaanza kulia. Hyacinth akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Bi Mathurin akasema haraka kwamba si wakati wa kutafuta mkosaji, kwamba yeyote angefanya vile vile, kwamba migomba migonjwa itauliwa na ardhi ipumzishwe, na kwamba hatujafa. "Mna bahati kubwa hapa. Shamba la Bwana Didier nimelipima wiki iliyopita, ni safi kabisa. Ndoo yake ya dawa ndiyo iliyomwokoa. Ardhi ikishapumzika, machipukizi ya kupanda bonde lote yatatoka kwake. Bwana Didier amekubali kutoa bure, kwa kila mtu."

Tukageuka kumtazama Anselm. Alikuwa anatazama buti zake. "Si kitu," akasema. "Mgongo wangu hauniruhusu kuja kuwalimia. Nilikuwa naona aibu. Hili naliweza."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Na kama mimi niliyecheka tu nilijisikia hivyo, fikirini Perpetua. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona jana yake. Akajisukuma mbele mpaka katikati ya banda.

"Anselm. Jana niliingia kwako. Nilikata."

Anselm akainua macho kutoka kwenye buti zake.

"Kwa panga hili?" Bi Mathurin akauliza, akilionyesha begani mwake.

"Hilo hilo. Kutoka kwangu moja kwa moja. Na ndoo niliimwaga."

"Dada Perpetua," Anselm akasema, taratibu sana, "mingapi?"

"Mmoja. Naapa. Mmoja tu."

Bi Mathurin akashusha pumzi. Mmoja si neno, akasema. Tutauua huo na yote iliyo hatua tano kuuzunguka, leo hii, na shamba lililobaki litapona. Akatuchovya buti sote kwenye dawa, tukavuka korongo.

Perpetua alikwenda moja kwa moja kwenye mgomba wenyewe. Kovu lilikuwa pale, karibu na ardhi, utomvu umeshakauka kahawia. Bi Mathurin akaufunga utepe mwekundu. Anselm akaanza kuhesabu hatua tano, akafika ya tatu akasimama.

"Na huu?"

Perpetua akaja. Mkato mwingine, wa kupanda kutoka kushoto. Bonde zima anayeshika panga kwa kushoto ni yeye peke yake. "Huo... sikumbuki huo," akasema. Akausogelea akagusa jeraha kwa kidole, akageuka kutazama mbele. "Mungu wangu. Na ule kule."

Utepe. Utepe mwingine. Kila mahali aliposema hapana, hapa sikufika, jani kavu likiinuliwa kidonda kinaonekana. Wa tano. Wa sita. Alikuwa anashangaa kuliko sisi. "Si mimi," alisema mara moja, kwa sauti ya mtoto, kisha akajitazama mkono wa kushoto. Kufika wa saba Anselm aliacha kuuliza. Wa tisa akakaa chini juu ya jiwe, mkono umeshika mgongo wake mbovu, akitazama mikungu yake iliyobakiza wiki tatu ivunwe. Zile hatua tano za kila utepe zilishakutana, zikameza mistari ya chini, zikameza ya katikati.

Ikabaki mistari minne ya juu, mpakani na msitu. Bi Mathurin akaihesabu kwa midomo. Ingetosha, akatuambia. Kwa miaka miwili mitatu, kidogo kidogo, machipukizi ya mistari minne yangetosha bonde zima. Ma Titin akaanza kusali kwa sauti ya chini.

"Mama Perpetua," Bi Mathurin akasema. "Fikiri vizuri. Huko juu ulifika?"

Kutoka tulipokuwa hakukuonekana kitu. Majani makavu yalikuwa yamefunika mashina mpaka chini. Angesema hapana, na sisi sote, Mungu atusamehe, tulikuwa tunamwomba kimoyomoyo aseme hapana. Perpetua akapanda kale kamwinuko peke yake, akainama kwenye mgomba wa kwanza, akainua majani, akayashusha tena taratibu.

"Nilifika," akasema.