Mjapani alitufundisha baseball Kisumu, sisi tukamfundisha ukubwa

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Hii sikusimuliwa, nilikuwa uwanjani na viatu vyangu. Ni mambo ya miaka ya themanini ikielekea mwisho.

Shule yetu ya upili upande wa Mamboleo ilipata volunteer wa hesabu kutoka Japan, Mwalimu Sato. Alikuja na gloves na bats, akatuambia kwao mchezo huu uliletwa na mwalimu Mmarekani zamani za babu zao, ukashika mpaka ukavuka kwenda Taiwan na Korea. Eti mashindano ya shule za upili yanasimamisha nchi nzima, na wanaoshindwa wanajaza udongo wa uwanja kwenye mifuko wakilia.

Tulicheka. Udongo?

Lakini tulishika. Tulifagia uwanja wenyewe, na kabla ya kuingia tunavua kofia na kuuinamia. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba tunaabudu majini ya Kijapani. Hao hao wakimwona DC wanainama mpaka tai inagusa vumbi.

Headmaster naye alitaka ule uwanja alime mahindi. Akatangaza tukifungwa na shule ya Nairobi inayokuja, baseball imekwisha na jembe linaingia.

Siku ikafika. Chairman wa bodi yuko kwenye tent na soda yake, kitambaa begani. Mwanawe Fred ndiye mpigaji wetu bora, hilo sitamnyima.

Zamu ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, mmoja wetu ameshatolewa, na wakitimia watatu mechi imekwisha. Juma, kijana wa Kaloleni mwenye mbio kama swara, amesimama base ya tatu. Akifika nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, tumesawazisha.

Sato akampa Fred ishara ya bunt. Yaani unaugusa mpira taratibu udondoke karibu. Wewe watakutoa, lakini mwenzako anafika. Kwao hata nyota wa timu anafanya hivyo bila kununa.

Chairman akaona mtoto wake ameshusha bat. Akasimama.

"Fred, piga hiyo kitu iende mpaka Bondo. Sikukuja hapa kuona mchezo ya nursery."

Na Fred, mtoto mtiifu, akazungusha bat kwa nguvu za ukoo mzima.

Mpira ukapanda kidogo tu, mrushaji wa Nairobi akaudaka. Juma alikuwa ameshachomoka kwa sababu aliiamini ile ishara. Mpira ukidakwa hewani mkimbiaji lazima arudi base yake, na wao wakautupa base ya tatu kabla hajarudi. Fred nje, Juma nje, mechi kwisha.

Mnajua nani alilaumiwa? Juma! Chairman alisema huyo kijana hana nidhamu, anakimbia ovyo. Wazee wazima wakatikisa vichwa kukubali.

Sato akamwendea, akamwambia mbele ya watu wote, "Juma, wewe ulikimbia vizuri." Kisha akauinamia uwanja. Headmaster akasema hiyo game ya kusujudia mchanga imeisha, hapa sisi ni Wakristo.

Jumatatu trekta ikaingia. Juma alisimama kando ya fence akiangalia.

Funzo langu ni fupi. Mkubwa akisimama kwa mic kutuambia tujitolee kwa ajili ya wenzetu, mimi huuliza kwanza mtoto wake amekaa wapi.

Waliosoma shule zenye chairman wa aina hii mpo? Semeni, na wana wa machairman pia mnaruhusiwa kunitukana.